Sanaa za Maonyesho za Watoto: Taaluma Isiyo na Ikama

Kila kiongozi aliyewahi kuzindua kisima, zahanati au vyumba vya madarasa katika nchi hii amewahi kutumbuizwa na watoto wa shule. Watoto hupangwa mistari miwili juani, sare zikiwa zimefuliwa jana, na mgeni rasmi akishaketi huanza ngonjera: mmoja anauliza, mwenzake anajibu, wa tatu anahitimisha kwa kuishukuru serikali. Maneno ameyaandika mwalimu, na mara nyingine mwalimu mkuu ameyapitia ili lisipenye neno la uchokozi. Wageni hupiga makofi, noti mbili tatu hutunzwa, kisha watoto hurudi darasani bila kusema hata neno moja lililo lao.

Nayataja haya kwa sababu wanafunzi wa uzamili wanaotaka kuandika tasnifu kuhusu sanaa za maonyesho kwa watoto na vijana hukutana na swali lile lile kutoka kwa wazazi, kwa waajiri na, nasikitika kusema, kwa baadhi ya wahadhiri wa fani nyingine: shahada ya pili ya nini, ya kuchezesha watoto? Swali lina dharau ndani yake, lakini lajibika, na jibu lake ni la kihistoria. Hapa Tanzania taaluma hii ilizaliwa ikiwa hoja ya kisiasa. Iliuliza ni nani mwenye haki ya kutunga maneno anayoyasema mtoto mbele ya watu wazima. Hoja hiyo ilijengwa katika ngazi ya juu kabisa ya usomi, na waliyoyasikia watafiti wake vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilikuja kuyafanyia uamuzi karibu miaka arobaini baadaye.

Kabla ya shule ya Mjerumani na ya Mwingereza, jamii nyingi za bara na pwani zilimfunza mtoto kwa maonyesho. Jando na unyago vilikuwa na viongozi wake, makungwi na mangariba. Vilikuwa na nyimbo, mafumbo, vinyago vya udongo na michezo ya kuigiza ndoa na uzazi. Tena vilikuwa na hadhira iliyochaguliwa kwa uangalifu, rika moja na jinsia moja, kwa majira maalumu ya mwaka. Usiku kulikuwa na mtambaji wa hadithi, ambaye hakuweza kuanza mpaka watoto wamwitikie. Shule nyingi za wamisheni ziliyaona haya yote kuwa ushenzi zikayapiga vita. Mahali pake pakaingizwa igizo la Krismasi na, kwa shule chache za sekondari, mashindano ya tamthilia kwa lugha ya Kiingereza, ambako kijana wa Tabora au Pugu alipimwa kwa namna alivyoyatamka maneno ya Shakespeare.

Uhuru ulipokuja, Mwalimu Nyerere alitangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Jina hilo linanivutia hadi leo. Utamaduni na vijana viliwekwa kapu moja, kana kwamba aliyelichagua alijua kuwa utamaduni usiopita mikononi mwa vijana ni makumbusho tu. Mwaka 1967 ukaleta Azimio la Arusha mwezi Februari, Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikaanza kufundisha sanaa za maonyesho. Ebrahim Hussein, aliyekuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kupita pale, alitoa Kinjeketile mwaka 1969.

Lakini katika shule za msingi kilichoshamiri si tamthilia, ni ngonjera. Mwaka 1968 Nyerere aliwaita washairi akawaomba waieneze siasa mpya kwa tungo zao. Mathias Mnyampala, aliyekuwa kinara wa chama cha UKUTA, alikuwa na umbo lililofaa kabisa: ushairi wa majibizano, ambamo mjinga anauliza na mwerevu anamwelimisha mpaka wakakubaliana. Ngonjera hukaririka kwa urahisi. Haihitaji jukwaa, taa wala mavazi. Mwalimu mmoja na watoto wanne wanatosha. Sina ugomvi na Mnyampala, ambaye alikuwa fundi wa lugha na alifariki mwaka 1969 kabla ya kuona matumizi yote ya kazi yake. Ugomvi wangu ni na matumizi hayo. Ngonjera ina upande mmoja wenye haki tangu beti ya kwanza, na mtoto anayeikariri hajifunzi kubishana. Anajifunza kwamba ubishi huisha kwa kukubali.

Ndani ya mazingira hayo ndipo zilipoandikwa tasnifu tatu ambazo nawalazimisha wanafunzi wangu wazijue. Hussein alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mwaka 1975, kwa utafiti juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki. Amandina Lihamba aliupata Leeds, Uingereza, mwaka 1985, akichunguza siasa na sanaa za maonyesho nchini tangu Azimio la Arusha. Kati yao, mwaka 1983, Penina Mlama aliwasilisha ya kwake hapa hapa Dar es Salaam. Wasomaji wa tamthilia wanamjua zaidi kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa Hatia, Pambo na Nguzo Mama. Tasnifu yake iliyachunguza maonyesho ya jadi ya Tanzania kama asasi ya elimu, akiwachukua Wakaguru kuwa mfano.

Kwa maoni yangu hiyo ya 1983 ndiyo mwanzo halisi wa masomo ya juu ya sanaa za maonyesho za vijana katika nchi yetu, ingawa kichwa chake hakisemi hivyo. Mlama alizaliwa Berega, mkoani Morogoro, katika Ukaguru wenyewe, na mwaka 1981 alikuwa tayari amechapisha katika jarida moja la Marekani makala juu ya Digubi, sanaa ya maonyesho ya Wakaguru. Jambo alilolifanya linaonekana dogo leo kwa sababu tumelizoea. Wazungu walioandika kuhusu unyago waliuandika kama desturi, wakahesabu siku, wakaorodhesha vifaa na kueleza maana ya rangi. Mlama aliutazama kama mwalimu anavyoitazama shule. Nani anafundisha? Anafundisha nini, kwa mbinu gani, na anajuaje kwamba mwanafunzi ameelewa? Ukiuliza hivyo, kungwi anaacha kuwa kikongwe wa mila na anakuwa mtaalamu wa ufundishaji. Wimbo unakuwa somo. Mwali naye si mtazamaji, kwa kuwa hafuzu mpaka acheze, aimbe na afumbue fumbo mwenyewe.

Sina haja ya kuupamba unyago. Mengi yaliyofundishwa humo yalimtaka binti anyamaze, avumilie na amtii mume, na katika baadhi ya jamii zetu sherehe hizo zimefungamana na ukeketaji na ndoa za utotoni. Mwanafunzi wangu anayeandika kana kwamba kila cha jadi ni chema humrudishia sura yake ikiwa na wino mwekundu. Funzo la tasnifu ile liko katika mbinu: jamii zetu zilikwishajua kwamba jambo zito halimwingii kijana kwa hotuba, huingia kwa kulicheza. Swali lililobaki lilikuwa la kisiasa. Je, mbinu ile yaweza kutumika ili binti aseme, badala ya kuambiwa?

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, sambamba na kuandikwa kwa tasnifu hizo. Walimu wa idara walikwenda kijijini bila tamthilia mkononi, na hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Vikundi vilivyotumwa na chama au wizara wakati ule vilifika na mchezo uliokamilika kuhusu chanjo, kilimo cha pamba au kusoma na kuandika, vikaonyesha, vikaondoka jioni. Malya watu walikaa, wakatembea nyumba hadi nyumba, wakauliza wanakijiji matatizo yao ni yapi, kisha vijana wenyewe wakayatungia michezo wakitumia ngoma za Wasukuma walizozijua tangu utoto. Baada ya onyesho mjadala ulifuata hadharani. Miongoni mwa yaliyojitokeza, hali ya vijana wasio na kazi na mimba za wasichana wa shule vilichukua nafasi kubwa.

Jambo la mimba lilikwishazungumzwa kila pembe ya nchi, na mara zote kwa namna moja: mtoto ameharibika. Lilipofika uwanjani Malya likageuka kuwa habari ya mahusiano. Kuna msichana, kuna aliyempa mimba, kuna wazazi wa pande zote mbili, kuna mwalimu, na kila mmoja ana mwili jukwaani na lazima asimame mahali fulani. Aliyempa mimba hawezi kujificha nyuma ya neno kuharibika. Lazima mtu amwigize, na hadhira itamtambua. Hii ndiyo nguvu ya sanaa hii ambayo ripoti ya kamati haina, na ndiyo sababu ya kuitungia shahada.

Miradi mingine ilifuata, na mwaka 1991 Mlama alichapisha kitabu chake kuhusu utamaduni, maendeleo na sanaa za maonyesho za umma barani Afrika. Kilichapwa Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza. Mkulima wa Malya hakukisoma, na sidhani kama afisa elimu wa Kwimba alikisoma. Nalitaja jambo hili bila lawama kwa mwandishi. Hiyo ilikuwa miaka ya kubana matumizi baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na idara za sanaa zilikuwa za mwisho kwenye foleni ya kila kitu.

Lihamba na Mlama na wenzao waligeukia watoto moja kwa moja, wakaendesha mradi wa sanaa za maonyesho katika shule za msingi. Tamthilia ya Lihamba, Mkutano wa Pili wa Ndege, ilichapishwa mwaka 1992 na ni kati ya maandiko machache ya Kiswahili ya jukwaani ambayo mwalimu wa watoto anaweza kuyakabidhi bila kuona haya. Kisha mwaka 1996 ikaja Tuseme.

Tuseme ilianzishwa na idara ile ile kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Jina lake ni programu nzima kwa neno moja. Hatua zake zinafahamika, lakini nazieleza kwa sababu watumishi wengi hudhani ni klabu ya kuigiza. Wasichana hukutana katika warsha, na wanaanza kwa kuorodhesha kinachowazuia kusoma. Hawaruhusiwi kuishia kwenye orodha. Kila tatizo hufuatwa hadi chanzo chake: kwa nini mwalimu yule anakuita ofisini peke yako, kwa nini kaka yako harudi nyumbani kuchota maji, kwa nini unapanda gari la mtu usiyemjua kwenda shule? Ndipo hutunga. Wanatumia shairi, ngoma, majigambo, kichekesho, chochote walicho nacho. Onyesho hufanyika mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao wa kiume, na baada yake watu huketi na kujibu. Klabu hubaki shuleni kufuatilia kilichoahidiwa.

Mtu aliyewahi kufundisha sekondari ya bweni ataelewa uzito wa hatua ya mwisho. Mwalimu aliyezoea kusahihisha anakaa kwenye benchi na kutazama tabia yake ikiigizwa na binti wa kidato cha pili, na hawezi kumwadhibu kwa sababu ni mchezo. Majigambo ya jadi yalikuwa na kinga hiyo hiyo: anayejigamba halaumiwi. Hapo ndipo tasnifu ya 1983 ilipoonekana kwa macho. Kinga ya jadi ilichukuliwa kutoka uwanja wa ngoma na kupewa msichana wa sekondari.

Baadaye Mlama alikwenda Nairobi kuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1992, na Tuseme ikaenda naye ikaingia katika shule za nchi nyingine za bara hili. Mwaka 2005 FAWE ilitoa mwongozo wa ufundishaji unaozingatia jinsia, na kati ya waandishi wake alikuwamo Mlama na pia Herbert Makoye, mwalimu wa sanaa kutoka Dar es Salaam. Nchi nyingi za Afrika hutumia mwongozo huo bila kujua kwamba nusu ya mizizi yake imo kwenye uwanja wa ngoma mkoani Morogoro.

Sasa tuangalie upande wa serikali, maana hapa hadithi inauma. Wakati Tuseme ikiwafundisha wasichana kulitafutia tatizo la mimba chanzo chake, kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la kimaadili, na kwa tafsiri ya shule nyingi ujauzito ulikuwa kosa la aina hiyo. Vipimo vya mimba vilifanywa kwa wasichana wakiwa wamepanga foleni. Mwezi Juni 2017 Rais Magufuli alisema Chalinze kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Mwezi Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanaokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea. Kutoka Malya hadi tangazo lile ni miaka thelathini na tisa ukihesabu tangu 1982. Sidai kwamba onyesho la kijijini lingeibadilisha sera. Nasema kwamba nchi ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na mbinu ya kuwasikiliza wasichana wenyewe na ilikuwa na kumbukumbu za walichokisema, lakini hapakuwa na meza serikalini ambayo taarifa hiyo ingetua ikiwa na jina la mtu wa kuishughulikia.

Ilikosa meza kwa sababu ilikuwa mradi. Mradi una mwanzo, mwisho, na mfadhili anayebadilisha vipaumbele. Mwaka 2010 Vicensia Shule, wa kizazi kilichofuata cha idara ile ile, alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, kwa tasnifu iliyochunguza sanaa za maonyesho za Tanzania baada ya ujamaa, uliberali mamboleo na utata wa misaada ya nje. Ninapoiweka tasnifu hiyo kando ya ile ya Lihamba naona bwana mmoja akimpokea mwingine. Zamani chama kiliagiza kinachochezwa. Siku hizi andiko la mradi linaagiza. Mtoto aliyekariri sifa za Azimio leo anakariri ujumbe wa vyandarua, na akimaliza hupewa fulana yenye nembo. Ngonjera imepata mgeni rasmi mpya.

Kwingineko mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1925 Winifred Ward, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Evanston, Marekani, alianzisha jumba la maonyesho ya watoto la mji huo, na kazi yake ikaingia katika shule za umma za Evanston, ambako uigizaji wa kubuni ulifundishwa darasani kama somo. Chuo kilizaa walimu, shule ziliwaajiri, na shule hizo hizo zikawa mahali pa kufanyia utafiti. Leo vyuo kama Arizona State na Texas mjini Austin hutoa shahada za juu katika sanaa za maonyesho kwa vijana, na anayehitimu anajua atagonga mlango gani.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ikama peke yake ni kinga. Mwaka 1937, katika mradi wa serikali ya Roosevelt wa kuwaajiri wasanii, New York ilionyesha mchezo wa watoto uitwao The Revolt of the Beavers, ambamo wanyama wadogo wanampindua mkubwa wao mlafi. Wakosoaji waliuita ukomunisti uliofichwa katika hekaya, ukaondolewa jukwaani baada ya wiki chache, na tarehe 30 Juni 1939 Bunge lao likaufuta mradi wote. Ajabu ni kwamba watu wazima wanaosema sanaa ya watoto ni mchezo tu ndio hao hao wanaoiogopa zaidi inapoanza kusema.

Jirani zetu wa Kenya wametukumbusha hilo mara mbili kupitia shule moja. Tamasha lao la tamthilia za shule ni la tangu enzi ya ukoloni, mwaka 1959, na limekuwa kitalu cha waigizaji na waandishi wengi. Mwaka 2013 mchezo wa Butere Girls, Shackles of Doom, ulizuiwa kufika fainali za taifa mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilifika Nakuru na Echoes of War, tena baada ya amri ya mahakama. Mwandishi wa michezo yote miwili, Cleophas Malala, alikamatwa, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuonyesha.

Wanaharakati wa pande zetu walishangilia, nami nililaani nguvu iliyotumika. Ila nawaomba wanafunzi wangu waliangalie tukio hilo kwa jicho la taaluma. Malala ni mwanasiasa, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala kabla ya kutofautiana nacho. Maneno ya mchezo yalikuwa yake. Kwa kipimo nilichokitumia kwa ngonjera, wasichana wale walikuwa wamebeba tena kauli ya mtu mzima, safari hii mtu mzima wa upinzani. Kilichokuwa chao ni uamuzi wa mwisho: kukataa kucheza bila mwongozaji wao na bila hadhira, na kuchagua wimbo ambao hakuna askari angeweza kuuita uchochezi. Hakuna aliyewaandikia sehemu hiyo. Ikiwa kuna mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, dakika zile chache za Nakuru zinatosha kwa uzamivu.

Nirudi nyumbani. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 na kuanza kutekelezwa Januari 2024 umeipa sanaa nafasi katika ratiba ya shule ya msingi, pamoja na michezo. Hatua hiyo naipokea kwa mikono miwili. Tuliwahi kuwa na Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kilichosifika kwa kuandaa walimu wa sanaa, na tuna Bagamoyo, iliyokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981 na sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Lakini mwalimu wa shule ya msingi anayekabidhiwa kipindi hicho ameandaliwa kwa hisabati, Kiswahili na sayansi, ana watoto themanini mbele yake, na mfano pekee wa sanaa ya watoto alioubeba tangu utotoni ni ule wa mistari miwili juani. Atafundisha alichofundishwa. Mwaka wa fedha ukifika, tutakuwa na somo jipya na ngonjera ile ile, sasa ikiwa na alama za mtihani.

Wahitimu wangu wa uzamili, kwa upande wao, wametawanyika. Baadhi wako katika mashirika, wakibadilisha mada kila mfadhili anapobadilika. Wengine wanatengeneza matangazo. Wawili ni washereheshaji mahiri wa harusi na wanapata zaidi ya mshahara wangu, Mungu awazidishie. Hata mmoja hajaajiriwa na halmashauri kwa ajili ya kile alichokisomea, wala sijawahi kuona tangazo la ajira serikalini linalomtafuta mtu mwenye uzamili wa sanaa za maonyesho za watoto. Hatuhitaji maelfu. Mtaalamu mmoja kwa kila halmashauri, mwenye ofisi katika idara ya elimu ya msingi na pikipiki, angeweza kuwafunza walimu wa kata zote kwa zamu, kusimamia klabu na kuandika kila muhula watoto wamesema nini.

Ikama huandaliwa kila mwaka pamoja na bajeti ya mishahara. Halmashauri huorodhesha kada zake, idadi iliyopo, upungufu na maombi, kisha jedwali hupanda ngazi hadi Ofisi ya Rais, Utumishi. Maafisa utumishi ni kati ya wasomaji wangu wa siku nyingi, na jedwali hilo wanalijua kuliko mimi. Upungufu huombewa kada ambayo tayari ina mstari wake. Kada hii haina mstari.